WAMETUACHA, AU TUMEWAACHA?



Ndugu waamini, hakuna kikao cha halmashauri ya parokia kinachokwisha siku hizi bila kulalamika kwamba watu wanatutoka. Fulani amehamia kwa walokole. Familia ile ya kigangoni haionekani tena. Vijana waliopata Kipaimara juzi wanaimba katika kwaya ya kanisa jingine. Nalo jibu huwa tayari kabla swali halijaulizwa: wanafuata miujiza, hawakushika mafundisho, wamerubuniwa. Tunawatupia mithali ya mbachao na msala upitao, tunafunga kwa sala, tunarudi nyumbani tumeridhika.

Sisi wa Haki na Amani twasema wazi: jibu hilo ni la uvivu. Kweli, wapo wanaotafuta uponyaji wa haraka, wapo wanaofuata ndoa, wapo walioongozwa na dhamiri baada ya kutafakari kwa muda mrefu. Lakini wapo pia waliosukumwa nje na mikono yetu wenyewe, na hao hatutaki kuwataja, kwa kuwa kuwataja ni kujishitaki.

MJANE NA KADI YAKE

Mjane mmoja alifagia kanisa kila Jumamosi kwa miaka mingi. Mumewe alipofariki, alishindwa kulipa zaka na mchango wa ujenzi, na kadi yake ikawa na miezi minane mitupu. Kisha akafiwa na mwanawe. Viongozi wa jumuiya walifika na daftari badala ya rozari. Deni lilipwe kwanza, walisema, ndipo katekista aitwe. Majirani wa kanisa jingine walileta kuni, maji na unga, wakalala matanga naye hadi mwisho. Mwezi uliofuata mama huyo alikwenda kusali kwao. Leo tunamwita mwasi. Ni nani aliyemwacha mwenzake kwanza?

Watu watasema: huo ndio utaratibu. La, sio. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 848, unaagiza wahitaji wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kanuni ya 1181 inakataza upendeleo katika mazishi, na inataka maskini wasinyimwe maziko ya heshima. Ni kweli kwamba kanuni ya 222 inatudai waamini kulitegemeza Kanisa, hatuipingi. Lakini kanuni ya 1287 nayo inawataka wasimamizi wa mali kutoa hesabu kwa waamini ya vile walivyotoa. Mbona deni la mjane husomwa hadharani, lakini hesabu ya saruji na mabati haisomwi?

Maaskofu wa Afrika Mashariki, kwa njia ya AMECEA, walizipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976 ili jirani amjue jirani na kumbebea mzigo. Hawakuunda vituo vya kukusanyia kodi. Nayo Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971, katika hati yake juu ya haki duniani, ilionya kwamba anayethubutu kuwahubiria watu haki hana budi yeye mwenyewe kuonekana mwenye haki machoni pao. Tunaikemea Serikali kwa rushwa na ubaguzi, na tunafanya vema. Je, tunapogeuka nyuma, nyumbani mwetu ni safi?

KUONDOKA KWA HAKI

Hatusemi kwamba kuondoka ni jambo dogo. Kunatuuma, na twamsihi kila mmoja abaki, atengeneze pamoja nasi. Lakini Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika Tamko la tarehe 7 Desemba 1965 juu ya Uhuru wa Dini, ulifundisha kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake. Basi, kwa yule aliyekwisha kuamua, tunayo machache ya kumwambia.

Kwanza, sema kabla ya kwenda. Kanuni ya 212 inakupa haki, na pengine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wako maoni yako. Anayetoweka kimyakimya huwaacha wenzake wakiteswa na lile lile lililomtesa.

Pili, rudisha kilicho cha wote. Fedha za jumuiya, funguo na madaftari vikabidhiwe mbele ya mashahidi. Dhamiri haihami na sanduku la watu.

Tatu, usimburute mwingine. Mume anayemtisha mkewe kwa talaka ili amfuate, au anayewanyima watoto ada kwa sababu wamebaki, amebadili kanisa lakini hajabadili moyo.

Nne, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Waliokubatiza na kukufundisha kusali hawakugeuka mashetani siku ulipohama.

Tano, usiuhame msiba. Kaburi la jirani halina dhehebu.

WAJIBU WETU TULIOBAKI

Wachungaji wa Abramu na wa Lutu walipogombana, kama tusomavyo katika Mwanzo 13, Abramu hakumlaani mwana wa ndugu yake. Alimpa hiari ya kuchagua upande. Lutu akachagua bonde lenye maji. Sura inayofuata yaeleza kwamba Lutu alipotekwa, Abramu alitoka na watu 318 kwenda kumwokoa. Waliachana malisho, hawakuachana udugu.

Nasi je? Tunamwondoa aliyehama katika chama cha kuzikana, ingawa alichangia miaka kumi. Tunawakataza watoto wetu kucheza na watoto wake. Anapotaka kurudi, tunamkalisha nyuma kama mfungwa aliyeachiwa. Huko ni kulipiza kisasi, ndugu zangu, na wala hakuilindi imani.

Wengi walipomgeuka Bwana kule Kapernaumu, Yohane 6 yatuambia kwamba hakuwatukana. Aliwageukia wale Kumi na Wawili akawauliza kama nao walitaka kwenda zao. Swali lile sasa ni letu. Tukiwa na ujasiri wa kulisikia, twende kwa yule mjane bila daftari, tukae kitako, tumwombe radhi. Kama atarudi au hatarudi, ni juu yake na Mungu. Radhi ni deni letu, na halina kadi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Ni nani aliyeondoka katika jumuiya yetu, na ni nani kati yetu aliyekwenda kumsikiliza?
2. Mara ya mwisho tulisomewa lini mapato na matumizi ya parokia?
3. Je, yupo aliyewahi kunyimwa huduma kwetu kwa kukosa mchango? Tutamrudishiaje haki yake?