MAJI YA KUKATIA CHUMA



Mwezi huu sisemi juu ya mbegu. Nasema juu ya msumeno. Usishangae. Plau ikivunjika mwezi wa Novemba, mkulima hamtafuti Bwana Shamba. Anamtafuta fundi. Na kama msumeno wa fundi umeharibika, mvua haimngoji mtu.

Kijiji kimoja ninachokihudumia, upande wa Singida, kina karakana ndogo. Mafundi wake hutengeneza mikokoteni na plau. Wana msumeno wa mkanda, ule mdogo wa umeme. Mkanda wenye meno huzunguka juu ya magurudumu mawili, na kichwa chake hushuka polepole juu ya chuma. Ni chombo kizuri. Lakini msimu uliopita walimaliza mikanda mitatu katika wiki chache. Mkanda wa nne hawakuwa na fedha ya kuununua. Wakulima saba walikuwa wakingoja plau zao.

Kwa nini mikanda iliisha? Walikata chuma kikavu, tena kwa haraka. Jino linapokata, linasuguana na chuma. Msuguano huleta joto. Joto likizidi, jino linakuwa butu. Tena chenga za chuma hunasa katikati ya meno, na meno hung'oka. Maji ya kukatia hufanya kazi tatu: hupooza, hulainisha, na huosha chenga.

Jambo hili si geni. Mwaka 1906 mhandisi wa Marekani, F. W. Taylor, alieleza majaribio yake ya miaka mingi katika kukata chuma. Alikuwa ameona kwamba maji mengi yakimiminwa mahali panapokatwa, kazi inaweza kwenda upesi zaidi kwa asilimia 40 hivi. Lakini maji matupu huleta kutu. Ndiyo sababu leo tunayachanganya na mafuta.

Mafuta gani? Hapa nataka tusikilizane vizuri.

Mafundi wetu walipoona mikanda inaisha, walianza kupaka oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari. Ni ya bure. Mkanda ulidumu kidogo. Lakini kijana mmoja aliyekuwa akiipaka kwa mkono alinijia baada ya miezi miwili. “Shikamoo, Bwana Shamba. Hebu tazama mikono yangu.” Ngozi ilikuwa imepasuka na kutoa vipele mpaka kwenye viwiko. Aliniomba dawa ya ng'ombe. Nilimkatalia, nikampeleka zahanati.

Oili iliyokwisha kutumika katika injini ina masizi na sumu za moto. Ikishika ngozi kila siku kwa miaka, inaweza kuleta kansa ya ngozi. Wafanyakazi wa viwanda vya nyuzi vya Uingereza waliugua hivyo kwa sababu ya mafuta machafu ya mashine zilizolowesha nguo zao, mpaka serikali yao ikatunga kanuni za kuwalinda mwaka 1953. Basi, oili chafu tuiache.

Yanayofaa ni mafuta ya kukatia yanayochanganyika na maji. Huuzwa mjini katika maduka ya vifaa vya mashine. Ukiyatia majini, maji huwa meupe kama maziwa, kama vile dawa ya josho. Kama hukupata, chukua nta ya nyuki. Singida na Tabora nta tunayo. Igusishe kwenye meno kabla ya kuwasha mashine, si mkanda ukiwa unazunguka! Kwa kazi chache nta inatosha. Mafuta ya alizeti nayo hulainisha vizuri, lakini yakikaa hugeuka kama gundi. Ukiyatumia, futa mashine siku hiyo hiyo. Aluminiamu hukatwa vizuri kwa mafuta ya taa, mbali na cheche za grenda na welding.

Chuma cha kusubu, kile kilichomiminwa katika kalibu, kikate kikavu. Unga wake ukikutana na maji huwa tope, na tope hilo hula mkanda. Na springi ya gari usiikate kabisa kwa msumeno huu. Ni ngumu mno kwa msumeno mdogo, na hakuna maji yatakayokusaidia. Hiyo ni kazi ya grenda.

Sasa kuchanganya. Soma maelezo ya kwenye kopo kwanza. Mara nyingi ni sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 10 mpaka 20 za maji. Yaani ndoo ya lita 20 hutaka lita 1 mpaka 2 za mafuta. Tia maji kwanza. Kisha mimina mafuta polepole huku unakoroga. Ukitanguliza mafuta, utapata mgando mzito usiochanganyika.

Hata mimi nilikosea. Nilijifanya mwalimu, nikawachanganyia kwa maji ya kisima. Maji yetu ni ya chumvi, na sabuni haitoi povu. Kesho yake mafuta yalikuwa yanaelea juu, chini maji matupu, na meza ya msumeno imeota kutu. Mafundi walinicheka, na nilistahili. Tangu hapo tunakinga maji ya mvua kutoka kwenye bati. Kama sabuni haitoi povu katika maji yako, usiyatumie kwa kazi hii.

Msumeno mdogo mara nyingi hauna pampu. Sisi tulichukua chupa ya maji ya kunywa, tukatoboa kifuniko tundu dogo, tukaining'iniza juu ya mahali panapokatwa. Inadondosha matone. Chini tuliweka karai na kitambaa cha kuchujia chenga. Chupa iliyokuwa na dawa ya shamba usiitumie, hata ukiiosha mara kumi. Angalia pia maji yasifike kwenye mota wala swichi.

Maji haya yatapungua kwa jua na joto. Hapo wafugaji hukosea. Katika josho, dawa huondoka na manyoya ya ng'ombe, kwa hiyo tunajazia mchanganyiko mkali zaidi. Hapa ni kinyume. Kinachoondoka zaidi ni maji, na mafuta hubaki. Kwa hiyo jazia mchanganyiko mwepesi.

Kila jioni enguа mafuta ya mashine yanayoelea juu. Yakiachwa hufunika maji, hewa haiingii, na wadudu wasioonekana kwa macho huzaliana. Ukifungua karakana Jumatatu ukasikia harufu ya yai viza, ujue wamekwisha kuingia. Usiongeze mafuta ili kuficha harufu. Mwaga yote, osha karai na chupa, uanze upya. Na mafundi wasiteme mate wala kutupa vipisi vya sigara humo.

Nimesema “mwaga”, lakini si mtoni wala karibu na kisima. Weka katika chombo kipana penye jua, mbali na watoto na mifugo, maji yakauke. Mafuta yatakayobaki yapeleke mjini kwa wanaokusanya oili chafu.

Hata mchanganyiko mzuri huwasha ngozi ukikaa nao siku nzima. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, na usinawe kwa mafuta ya taa.

Yule kijana amerudi kazini. Mikono imepona, ingawa makovu yapo. Mkanda walioufunga mwezi wa Agosti ulikuwa bado unakata nilipopita juzi, na plau saba zimekwisha kwenda kwa wenyewe.

Mwezi ujao, mvua ikijalia, tutarudi shambani: nafasi za kupanda alizeti.

Bwana Shamba wenu