Vitabu 800,000 viko Dar es Salaam: mtu wa Malampaka ana sehemu gani?

Tarehe 27 Novemba 2018, Rais John Magufuli alifungua maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Jengo hilo lilijengwa kwa msaada wa Serikali ya China, kwa gharama ya takriban dola milioni 40 za Marekani. Lina nafasi ya vitabu 800,000, na watu zaidi ya 2,000 wanaweza kukaa na kusoma kwa wakati mmoja.

Kutoka hapa Malampaka hadi Mlimani ni zaidi ya kilometa 1,000. Mkulima wa pamba aliyeisikia habari ile redioni ana haki ya kusema: heri yao, lakini mimi na jembe langu inanihusu nini?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo. Tutaangalia mambo matatu: nini chetu kimo ndani ya maktaba ile, nini kilizipata maktaba za vijiji tulizowahi kuwa nazo, na namna vyuo vikuu vya watu weusi wa Marekani vilivyolinda maktaba zao kwa miaka mingi bila fedha za kutosha. Mwisho tutarudi kwenye mkutano wa kijiji, maana huko ndiko jambo hili linakoamuliwa.

Mila zetu ziko kwenye makabati ya Mlimani

Wengi hawajui kwamba maktaba ya Mlimani ina sehemu maalumu ya Afrika Mashariki, na kwamba humo mna nyaraka za Hans Cory. Huyu alikuwa mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi ya utafiti wa mila kwa serikali ya kikoloni, na aliishi Mwanza. Aliwauliza wazee wa Usukuma kuhusu mahari, urithi, mashamba, ng'ombe, watemi na ngoma, akaandika. Kitabu chake kuhusu sheria na mila za Wasukuma kilichapishwa mwaka 1953.

Kwa maneno mengine, baadhi ya yale waliyoyasema babu zetu yamehifadhiwa kwa maandishi, lakini mjukuu anayetaka kuyasoma anatakiwa asafiri hadi upande wa pili wa nchi. Tena yaliandikwa na mgeni, kwa lugha ya mgeni, kwa ajili ya serikali iliyotaka kututawala vizuri zaidi. Hiyo haiyafanyi kuwa takataka. Lakini inaonyesha kwamba maktaba si vitabu tu. Ni nani aliyekusanya, alikusanya kwa faida ya nani, na nani anaweza kuingia akasoma.

Tuliwahi kuwa na maktaba za vijiji

Walio na umri mkubwa wanakumbuka. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba takriban wawili kati ya kila watu wazima watatu nchini walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Baadaye zikatajwa wilaya sita za kufuta ujinga kwanza: Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, Masasi na Dar es Salaam.

Kanda ya Ziwa ilikuwa imeshatangulia. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 huku kwetu kulikuwa na mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioungwa mkono na UNESCO. Maana ya jina hilo ni kwamba mtu hakufundishwa herufi tupu. Alijifunza kusoma kwa kutumia kitabu cha kilimo bora cha pamba, cha uvuvi, cha ufugaji au cha malezi ya watoto, kulingana na kazi yake. Aliyefuzu alikuwa amejua kusoma, na pia amejua nafasi ya mistari ya pamba.

Serikali iliona mapema kwamba aliyejifunza kusoma halafu akakosa cha kusoma, atasahau. Kwa hiyo vikaanzishwa vitu viwili. Kimoja ni gazeti la vijijini la Kanda ya Ziwa, Elimu Haina Mwisho, lililotolewa Mwanza katika miaka ya 1970. Cha pili ni maktaba za vijiji, mara nyingi kabati moja la vitabu katika chumba cha shule au ofisi, likiwa chini ya mtu mmoja aliyepewa semina fupi. Na mwaka 1975 ikapitishwa Sheria Namba 6 ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo bodi hiyo inaifuata hadi leo.

Matokeo yalionekana. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 uliwakuta watu wazima takriban asilimia 61 wanajua kusoma na kuandika. Ule wa mwaka 1986 uliwakuta takriban asilimia 90. Kisha tukarudi nyuma: sensa ya mwaka 2012 ilipata takriban asilimia 78. Vipimo vyenyewe havikuwa sawa, kwa hiyo tusizilinganishe namba hizi kama mizani ya duka moja. Lakini mwelekeo wake hauna utata.

Kwa nini yale makabati yalikauka? Sababu ya kwanza ni uchumi. Bei ya mafuta ilipanda, vita ya Uganda ya 1978 na 1979 ikala akiba ya nchi, karatasi ikawa adimu, na fedha za elimu ya watu wazima zikapungua. Sababu ya pili haitajwi sana. Vitabu vililetwa kutoka juu, na vilipoacha kuja hakuna kikao cha kijiji kilichokuwa na wajibu wa kuuliza: vitabu viko wapi? Kabati lilikuwa kijijini, lakini halikuwa la kijiji.

Linganisha na sungusungu. Jeshi hili la jadi lilianza huku Usukumani na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati uleule ambao makabati yalikuwa yanakauka. Halikuletewa bajeti na mtu. Watu waliona ng'ombe wao wanaibwa, wakajipanga, na serikali ikaja kulitambua baadaye. Chenye mwenyewe hupita kwenye njaa.

Vyuo vya watu weusi Marekani vilifanyaje?

Mfano wa maktaba iliyopita kwenye njaa kwa miaka zaidi ya 100 tunaupata mbali kidogo. Marekani kuna vyuo vikuu takriban 100 vilivyoanzishwa kwa ajili ya watu weusi, vingi vikiwa vilianza baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865. Wakati huo, na kwa miaka mingi iliyofuata, majimbo ya kusini yalikuwa na shule, mabasi na maktaba za Wazungu, na za weusi kando. Ya weusi ilikuwa duni au haikuwepo kabisa.

Tarehe 27 Machi 1961, miezi michache kabla ya Tanganyika kupata uhuru, wanafunzi tisa wa chuo cha Tougaloo waliingia katika maktaba ya umma ya Wazungu katika mji wa Jackson, jimbo la Mississippi. Waliomba vitabu ambavyo maktaba ya weusi haikuwa navyo, wakaketi kusoma. Polisi wakawakamata. Kosa lao lilikuwa kusoma mahali wasipotakiwa.

Katika hali hiyo, maktaba ya chuo cha weusi ilikuwa zaidi ya mali ya wanafunzi. Jamii ya jirani iliihesabu kuwa yao. Chukua Chuo Kikuu cha Howard, Washington, kilichoanzishwa mwaka 1867. Mwaka 1914, mchungaji Jesse Moorland alikipa vitabu na nyaraka zake binafsi, zaidi ya 3,000, kuhusu historia ya watu weusi. Mwaka 1930 akaja mkutubi, bibi Dorothy Porter, akazitunza na kuziongeza hadi alipostaafu mwaka 1973.

Bibi huyo hakuwa na fedha za maana za kununulia vitabu. Aliandikia wachapishaji, akajenga urafiki na wauza vitabu, akawaomba watu wampe barua na picha za wazee wao kabla hazijatupwa. Akafanya jambo jingine la akili. Mfumo wa namba uliotumika kupanga vitabu maktabani ulikuwa ukiwasukuma waandishi weusi kwenye namba mbili tu, ya utumwa na ya ukoloni, hata kama mtu ameandika mashairi. Yeye alikataa. Shairi aliliweka kwenye mashairi, historia kwenye historia. Leo mkusanyo ule ni mmoja kati ya mikubwa duniani kuhusu watu wenye asili ya Afrika.

Hapo kuna somo kwa nyaraka zetu za Mlimani pia. Zimehifadhiwa, na hilo ni jema. Kinachobaki ni wenyewe kuziuliza, kuzisoma, na kuongeza yao.

Tahadhari: mchango usiwe kisingizio

Msikilizaji anaweza kusema hapa: basi ni yale yale, mnatuandaa kwa mchango mwingine. Hofu hiyo ina msingi.

Mwaka 2023, mawaziri wa elimu na wa kilimo wa Marekani waliwaandikia magavana wa majimbo 16. Barua zilisema kwamba vyuo vya weusi vilivyowekwa na sheria kufundisha kilimo na ufundi vilikuwa vimepunjwa zaidi ya dola bilioni 12 katika miaka 30, ukilinganisha na vyuo vingine vya aina hiyo katika majimbo hayohayo. Yaani wakati wazee, makanisa na wahitimu wakichangishana kuokoa vyuo vyao, majimbo yalikuwa yakibaki na fedha iliyostahili kwenda huko. Moyo wa kujitolea uliviweka vyuo hai, na wakati huohuo ulimpa mwenye wajibu nafasi ya kulala.

Kwetu nako tumeyaona. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango kwa wanafunzi shuleni, baada ya malalamiko kwamba watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani. Kwa hiyo nguvu ya jamii kwenye maktaba isiishie kwenye kutoa shilingi. Sehemu yake kubwa iwe kudai, kusimamia na kutumia.

Sasa tufanye nini hapa?

Kwanza, tujue fedha zilipo. Kila msimu pamba ikinunuliwa, halmashauri hupata ushuru wa mazao. Tangu mwaka 2017 kiwango kwa mazao ya biashara ni asilimia 3, kutoka 5 ya zamani. Hayo ni mapato yatokanayo na jasho la mkulima, na matumizi yake hupangwa kwenye bajeti ya halmashauri. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango hujengwa miezi mingi kabla. Anayekumbuka maktaba mwezi Juni amechelewa.

Pili, tuutumie mkutano mkuu wa kijiji. Hukaa kila baada ya miezi mitatu. Jambo likiingia kwenye muhtasari wa mkutano, mtendaji analipeleka kata, na diwani hana pa kusema hakusikia. Ombi lisiwe la jengo. Jengo ni rahisi kuahidi na gumu kumaliza. Ombi liwe la kabati, vitabu, na mtu wa kulifungua, katika chumba kilichopo: shule ya kata, ofisi ya kijiji, au ofisi ya AMCOS ambako wakulima hupita kila msimu.

Tatu, tuweke maswali manne kwenye kila mradi wa maktaba utakaoletwa, awe mfadhili au serikali. Ufunguo anakaa nao nani? Hufunguliwa siku zipi, na je, siku ya mnada imo? Kuna kitabu kuhusu kazi zetu, au ni vya mitihani tu? Na mfadhili akiondoka, ni kikao gani kitauliza vitabu vimekwenda wapi? Mradi usioweza kujibu la nne, tuujue mapema kwamba utaishia kwenye ufunguzi na picha.

Nne, wenye simu wasisubiri. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, ambako vitabu vya kiada vya shule za msingi na sekondari husomwa bure. Gharama ni bando lako. Simu moja ya mzazi jioni inaweza kusomesha watoto watatu. Haichukui nafasi ya kabati, maana bando huisha na betri huisha, lakini ni mwanzo.

Na kuna kazi ya bibi Porter ambayo haihitaji bajeti. Wazee wetu wanaojua habari za stesheni hii, za vyama vya ushirika, za ngoma za Bagika na Bagalu, bado wako. Kijana mwenye simu anaweza kurekodi, mwalimu akaandika, kijiji kikatunza. Cory alipita akayachukua ya kizazi chake, yakaenda Mlimani. Ya kizazi hiki yakiandikwa na sisi wenyewe, kabati la kijiji litakuwa na kitabu cha kwanza ambacho hakikuletwa na mtu yeyote.