Tusiung'oe Mubirizi Wetu

Wasomaji wenzangu, imesikika kwamba ile safu ya mibirizi iliyo nyuma ya mabweni itang'olewa, na mahali pake patapandwa maua ya kununua. Mimi sikubali, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, mti huu ni mwenyeji. Hapa Bujumbura, tangu Juni hata Agosti mvua ni adimu, na maua ya kununua yataka ndoo za maji kila jioni. Mubirizi wabaki kijani, wala hatuunyweshi.

Pili, wageni wake ni wengi. Unapochanua maua yake meupe, nyuki huvuma tangu asubuhi, na ndege wadogo hupata pa kumkimbilia mwewe. Mji wetu wazidi kujaa saruji. Tukikiondoa kichaka hiki, viumbe hao waende wapi?

Tatu, ni dawa. Wazee wetu hutumia majani yake machungu kwa maradhi ya tumbo. Hata wanyama waujua. Kando ya ziwa letu, huko Mahale katika Tanzania, mwaka 1987 watafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe mgonjwa akitafuna chipukizi za mti huu huu na kufyonza maji yake. Siku ya pili alikuwa na nafuu.

Mwenzangu mmoja asema heri tupande holi, mti wa kadi za Krismasi. Jamaa yake tunaye Afrika: ni Ilex mitis, mti wa misitu ya milimani, wenye majani mabichi mwaka mzima na matunda mekundu wapendayo ndege. Lakini huo hupenda ubaridi na unyevu, na mti jike hauzai pasipo dume karibu. Sisi tuko kando ya ziwa, penye joto. Anayekaa mlimani na aupande. Sisi tutunze wa kwetu.

Najua wako wasemao kwamba kichaka huleta nyoka. Basi tuipogoe mibirizi kila mwaka baada ya maua, na tufagie chini yake kila Jumamosi. Darasa letu li tayari kwa kazi hiyo. Vijiti tutakavyokata tuvichomeke ardhini mvua zianzapo. Huota upesi, na safu itarefuka bila gharama.

Twamwomba Mkuu wetu wa shule afikiri tena kabla jembe halijaanza kazi. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.