Maombi Yasimpokonye Mgonjwa Dawa Zake

Yeyote aliyepita Daraja Mbili mjini Kisii siku ya soko anaijua sauti ya mhubiri inayoshindana na za wauza ndizi na mitumba. Sina ugomvi na mahubiri hayo. Wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi hupata kanisani watu wa kuwajulia hali wasipoonekana ibadani, na wa kuwahakikishia kwamba hawakulaaniwa. Mgonjwa aliyekata tamaa huona vigumu hata kunyoosha mkono kuchukua kidonge.

Ugomvi wangu ni na yule anayemwambia mgonjwa kuwa kumeza dawa ni kupungukiwa na imani. Dawa za kupunguza makali haziui virusi vyote. Huvizuia visizaane, hata vipimo vya damu vikashindwa kuviona. Hapo ndipo mtego ulipo. Mtu hunenepa, hupata nguvu, akatangazwa madhabahuni kuwa amepona, kumbe aliyemsimamisha ni dawa anayoambiwa aitupe. Akiiacha, virusi huongezeka tena, pengine vikiwa sugu. Mwaka 2011 maelfu, wakiwemo Wakenya, walimiminika Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Baadhi yao waliacha dawa zao.

Kwa upande mwingine yupo Kanoni Gideon Byamugisha wa Kanisa Anglikana la Uganda, aliyetangaza hadharani mwaka 1992 kwamba anaishi na virusi. Dawa zilipopatikana alizimeza, na hakuiacha mimbari. Isitoshe, Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, akaongezewa miaka kumi na mitano. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. (Ajabu ni kwamba nusu ya kwanza ya kisa hicho huhubiriwa sana kuliko ya pili.)

Walimu wenzangu, jambo hili liko mabwenini mwetu. Wamo wanafunzi waliozaliwa na virusi, ambao humeza vidonge vyao kwa siri kila siku. Mitihani ya kitaifa inapokaribia huja wiki za maombi, mfungo na kesha. Mtoto aliyefundishwa kuwa mfungo wa kweli ni kutotia chochote kinywani atafanyaje? Akimeza, anajiona msaliti mbele ya wenzake. Asipomeza, anahatarisha uhai wake. Wala si halali kumwita mbele aeleze hali yake, kwani sheria ya mwaka 2006 kuhusu Ukimwi inalinda siri hiyo.

Kwa hiyo naomba kila mlezi wa chama cha Wakristo shuleni, kabla ya mfungo kuanza, awatangazie wanafunzi wote, bila kumtaja wala kumtazama yeyote, kwamba mwenye dawa ya ugonjwa wowote ale na ameze kwa saa zake. Vivyo hivyo kwa mwalimu anayewalea wanafunzi Waislamu mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa Kurani yenyewe inampa mgonjwa ruhusa. Mhubiri mgeni naye aelezwe hayo langoni, kabla hajakabidhiwa kipaza sauti.