USIMHUKUMU NDUGU YAKO KWA SABABU YA SAHANI YAKE

 

Leo naanza na toba, halafu nifundishe. Wiki chache zilizopita tulikuwa na chakula cha pamoja baada ya ibada. Mbuzi walikuwa wamechinjwa, pilau iko tayari, kila mtu na sahani yake. Dada mmoja kijana, mhudumu mwaminifu katika timu ya sifa, akaipita nyama, akachukua githeri na kabichi. Mzee mmoja akamuuliza kulikoni, naye akajibu kwa upole kwamba aliacha nyama tangu mwaka jana. Na mimi, maikrofoni ikiwa mkononi, nikatania: "Kanisa, tumwombee huyu, kuna pepo wa majani amemwingia!" Watu wakacheka. Hata yeye alitabasamu.

Jumapili iliyofuata hakuja. Ya pili pia hakuja. Nikaenda kumwona pamoja na mama mchungaji. Hakunipandishia sauti. Alisema tu: "Pasta, mimi sikumwambia mtu yeyote asile nyama. Nilichukua githeri yangu nikanyamaza. Wewe ndiye uliyesema."

Mpendwa, nimehubiri miaka mingi, lakini siku hiyo nilihubiriwa. Nilimwomba msamaha pale nyumbani, na Jumapili nikamwomba tena mbele ya kanisa, kwa sababu kosa la hadharani halitubiwi chumbani. Amenipa ruhusa niandike haya bila kumtaja jina. Naandika kwa sababu tangu siku hiyo grupu letu la WhatsApp limekuwa uwanja wa vita. Huyu anatuma video kwamba kila nyama ni sumu na dhambi. Yule anajibu kwamba asiyekula nyama ameingia dini ya kigeni. Hebu tuketi na Neno.

Ukisoma Mwanzo 1:29, chakula cha kwanza Mungu alichompa mwanadamu ni mimea na matunda. Shambani Edeni hapakuwa na buchari. Ukifika Mwanzo 9:3, baada ya gharika, Mungu yuleyule anampa Nuhu wanyama kuwa chakula, kama alivyokuwa amempa mboga. Kwa hiyo anayekula mboga peke yake hajavunja amri, na anayekula nyama naye hajavunja amri. Wote wawili wanakula kutoka mkono mmoja.

Wapenda mboga wanapenda kumtaja Danieli, aliyekula mboga na maji siku kumi akanawiri (Danieli 1). Ni kweli. Lakini soma vizuri: Danieli hakusema nyama ni dhambi. Alikataa kujitia unajisi kwa chakula cha mfalme. Na katika Danieli 10:3 anatueleza kwamba kwa wiki tatu za maombolezo hakuonja nyama wala divai. Maana yake siku nyingine alionja. Na Bwana wetu mwenyewe, baada ya kufufuka, alikula samaki mbele ya wanafunzi wake (Luka 24:42-43). Hakuna atakayekuwa mtakatifu kumzidi Yesu.

Lakini ninyi wa nyama choma, msishangilie bado. Sisi wenyewe kila Januari tunaingia mfungo wa Danieli, siku 21 za mboga na matunda, na tunauita kujitakasa. Dada huyu akifanya vivyo hivyo mwezi wa saba, tunaita pepo. Je, huo si unafiki?

Sasa twende Warumi 14. Kanisa la Roma lilikuwa na vita hivihivi: mmoja anakula vyote, mwingine anakula mboga tu. Ni kweli Paulo anamwita yule wa mboga dhaifu wa imani, na wengi wetu tukifika hapo tunafunga Biblia kwa furaha. Endelea kusoma! Paulo anaona dhambi mbili katika chumba hicho. Anayekula anamdharau asiyekula. Asiyekula anamhukumu anayekula. Dharau upande huu, hukumu upande ule. Hakumwambia hata mmoja abadilishe chakula chake. Aliwaambia wabadilishe moyo. Na mzigo mzito zaidi aliutwika yule anayejiona mwenye nguvu: usimwangamize kwa chakula chako mtu ambaye Kristo alimfia. Paulo mwenyewe, katika 1 Wakorintho 8:13, alikuwa tayari asiguse nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza ndugu mmoja. Mimi sikuweza hata kuacha utani mmoja.

Kwa hiyo nasema na pande zote mbili.

Wewe unayekula nyama, kula kwa shukrani. Mimi nala na nitaendelea kula. Lakini uhuru si ulafi. Mithali 23:20 inatuonya tusikae na wanaojishindilia nyama. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka nyama zilizosindikwa, kama soseji na bekoni, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vile ambavyo huenda vikasababisha. Mwili wako ni hekalu. Usiulemeze kila wikendi halafu Jumatatu uje kwangu nikuwekee mikono kwa sababu ya jongo. Tena Mithali 12:10 inasema juu ya mwenye haki na uhai wa mnyama wake. Ng'ombe anayesafirishwa amefungwa vibaya, anapigwa njia nzima bila maji, Mungu anamwona. Kuruhusiwa kuchinja si kuruhusiwa kutesa.

Wewe uliyeacha nyama, ubarikiwe, maadamu umeamua kwa dhamiri safi. Tumia hekima pia. Mwili unahitaji vitamini B12, ambayo kwa kawaida tunaipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Kama umeacha hivyo vyote, zungumza na daktari au mtaalamu wa lishe, hasa kama una mimba au unalea mtoto. Na tafadhali usiifanye sahani yako kuwa injili. Nenda Turkana, nenda Marsabit, umwambie mfugaji kwamba nyama na maziwa ni dhambi. Atapanda sukuma wiki wapi? Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa hapa Kenya. Watu wale walilia kwa sababu uhai wao ulikuwa kwenye mifugo ile. Usiwaendee na hukumu. Wapelekee maji.

Na kwetu sisi watumishi: tutetemeke tunapogusa chakula cha kundi. Mwaka 2023 nchi yetu ilifukua miili ya watu zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Watoto walikuwemo. Waliambiwa njaa itawafikisha kwa Yesu. Paulo alikwisha kumwonya Timotheo juu ya walimu watakaokataza watu vyakula alivyoviumba Mungu (1 Timotheo 4:1-5). Mtu akikwambia wokovu wako unategemea kilichomo au kisichomo kwenye sahani yako, hata kama ana kola, hata kama ananena kwa lugha, kimbia. Hata kama ni mimi, kimbia.

Nimalizie na kundi la tatu, ambalo katika mabishano yote ya grupu hakuna aliyelitaja. Kuna mla mboga kwa hiari, na kuna mla mboga kwa kukosa. Sukuma wiki tumeipa jina hilo kwa sababu inausukuma wiki wa mtu asiye na pesa. Kati yenu mnaosoma hapa wapo ambao nyama wanaiona Krismasi na kwenye matanga. Nanyi mnajua yanayotokea kwenye sherehe zetu: mapaja na maini yanapanda meza kuu kwa wachungaji na wageni, na kina mama waliokesha jikoni na moshi machoni wanabaki na mchuzi. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa jambo hilohilo: mmoja ameshiba, mwingine ana njaa, na wanaita Meza ya Bwana (1 Wakorintho 11:20-22). Hiyo ndiyo dhambi ya chakula iliyomo kanisani kwetu. Tumeitafuta kwenye githeri ya dada, kumbe imekaa meza kuu, kwenye kiti changu.

Kwa hiyo nimeongea na wazee wa kanisa. Kuanzia sasa kwenye chakula cha pamoja kutakuwa na sufuria kamili isiyotiwa nyama, si mabaki ya kabichi. Hakuna atakayeulizwa kwa nini amepita. Na wachungaji tutapakua mwisho, baada ya watoto, wazee na wapishi. Kama nyama imeisha, basi tutakula mboga na kusema asante. Mithali 15:17 imetuambia zamani kwamba mboga penye upendo inaishinda nyama nono penye chuki.

Dada alirudi Jumapili iliyopita. Aliimba. Nilikaa nyuma nikalia kidogo.

Tuombe: Baba, tusamehe kwa maneno tuliyoyasema tukicheka. Tufundishe kula kwa shukrani na kuacha bila kiburi. Mkumbuke leo asiye na chakula, na utukumbushe kwamba mkono utakaomtumia ni wetu. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA. Lakini kabla ya kuandika, kama kuna mtu uliyemcheka mezani, mpigie simu kwanza.