Tairi la basi lisomwe mwaka



Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, lami ya Dodoma hadi Kibaigwa huwaka jua. Hapo ndipo tairi lenye upepo pungufu huumia zaidi: ubavu hujikunja kila mzunguko, joto hupanda, nyuzi za ndani huachana, kisha tairi hulipuka. Malori ya mahindi yakizidisha uzito, hatari huongezeka.

Na bado wapo madereva wanaopima upepo kwa kulipiga tairi teke!

Upepo hupimwa kwa geji tairi likiwa la baridi, kabla ya safari. Kwa gari dogo, kiwango huandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi mlangoni kwa dereva. Umri nao husomeka ubavuni: tarakimu 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba laweza kuwa na kashata nzuri ilhali mpira umeshakauka.

Juni 28, 2025, wilayani Same, Kilimanjaro, basi lilipasuka tairi, likagongana na Coaster, yakawaka moto. Watu zaidi ya 35 walifariki. Ukaguzi katika stendi kuu ya Dodoma usiishie kwenye leseni na mikanda. Mkaguzi ainame asome tarakimu nne za umri ubavuni mwa tairi, magurudumu ya nyuma yakiwemo.

Msomaji, Dodoma