Mawe katika nyumba ya samaki



Kuna nyumba ambamo vijana wameunga vioo kwa gundi, wakatia maji na samaki wadogo. Wengine, na ndio wengi, wana kibwawa nyuma ya nyumba na wanafuga tilapia za kula. Wote wanafika kwa swali moja: tuweke mawe gani ndani? Tuzungumze juu ya hilo mwezi huu, maana kwetu Masisi na Walikale mawe hayakosekani, lakini si kila jiwe ni rafiki wa samaki.

Jiwe si pambo tu. Katika ziwa Tanganyika, upande wa Uvira na Kalemie, kuna aina nyingi za samaki wadogo wanaoishi katikati ya mawe. Humo wanajificha, humo wanataga mayai. Samaki asiye na pa kujificha anaishi kwa woga, na mwenye nguvu anamsumbua mdogo. Basi mawe ni mema. Lakini kumbuka: kile kilicho ndani ya jiwe, maji yanaweza kukipokea, na kilicho ndani ya maji, samaki anakipokea.

Mtoto anarudi na kusema: «Mama, ona hii jiwe inang'aa!» Mama, muulize kwanza: umeitoa wapi? Jiwe la shimoni, la mahali pa kuoshea madini, ao la kwenye lundo la takataka za mgodi, tusiliweke, hata likiwa zuri namna gani. Kuna sababu tatu.

1. Mawe mengine ya mgodi yana shaba ao risasi ndani yake. Shaba kidogo tu katika maji inaua samaki na konokono.

2. Koltani, kama ile ya Rubaya, mara nyingi imechanganyika na urani na toriamu kidogo. Hakuna haja ya kuiweka katika chumba ambamo watoto wanalala.

3. Mahali wanapookota dhahabu kwa zebaki, mchanga unabaki na zebaki hiyo. Ndani ya maji na matope inageuka kuwa sumu inayoingia katika nyama ya samaki. Mama mwenye mimba akila samaki hao mara kwa mara, akili ya mtoto aliye tumboni inaweza kuharibika. Kuwapika hakuondoi sumu hiyo.

Basi tuchukue mawe gani? Chukua mawe laini ya mto, juu kabisa ya mahali wanapochimba na kuosha. Mawe meusi ya volkano yanafaa pia, lakini chagua yasiyo na ncha kali za kuchana samaki. Chungu cha udongo kilichovunjika, kikisuguliwa kingo zake, ni nyumba nzuri na hakina bei. Usitumie waya, baterii, makopo wala vitu vyenye rangi ya kupakwa.

Dondosha ndimu juu ya jiwe. Likitoa povu, lina chokaa. Litafanya maji kuwa magumu, na samaki wa mito ya msitu, kama Lowa, wamezoea maji laini. Lakini usidanganyike: ndimu haionyeshi shaba wala zebaki. Swali la «umeitoa wapi?» linabaki la kwanza.

Sugua jiwe kwa brosi na maji, bila sabuni. Usilitie motoni wala katika sufuria inayochemka, maana maji yaliyo ndani yake yanaweza kulipasua usoni mwako. Kisha liloweke katika ndoo kwa juma moja. Maji yakibadilika rangi, yakinuka ao yakifanya mafuta juu, litupe.

Sasa kupanga. Kisanduku cha sentimita 60 kwa 30 kwa 30 kinabeba maji lita 54, ndiyo kilo 54. Ongeza mawe kilo 10 na uzito wa vioo, kisha uangalie meza yako! Mawe makubwa yakae chini kabisa, juu ya kipande cha plastiki kinacholinda kioo. Mchanga ufuate baadaye. Ukiyaweka juu ya mchanga, tilapia watachimba chini yake, nayo yataanguka na kuvunja kioo. Mchimbaji yeyote anajua kinachotokea shimo likichimbwa chini ya mwamba bila miti ya kuushikilia. Na sisi wa kanisa tunamkumbuka yule mtu wa Mathayo 7 aliyejenga juu ya mchanga.

Vijana, kabla ya kuweka jiwe jipya, mwiteni baba ao mama alitazame. Na kama bwawa lenu linapokea maji yanayotoka mahali pa kuoshea dhahabu, msingoje: geuzeni mfereji, tafuteni chemchemi nyingine.

Tukutane mwezi ujao. Amani ya Bwana ikae nanyi.